Robert Koch, Mganga Aliyetafuta Asili ya Maradhi



Mtu mwenye kikohozi kisichokoma akifika hospitali ya wilaya yetu hapa Makandana, hupewa kikopo kidogo chenye kifuniko, akaambiwa asimame nje penye hewa, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani, ateme makohozi ndani ya kikopo kile. Wengi huona haya. Wengine huuliza moyoni, je, makohozi yatamwambia mganga neno gani ambalo mimi sikumwambia kwa kinywa? Wako na wale wasiofika kabisa. Hukaa nyumbani wakikonda mwezi kwa mwezi, huku ndugu wakitafuta ni jirani gani aliyewatupia jicho baya. Nimesimama kwenye makaburi ya watu wa namna hiyo, nikijua ya kuwa dawa ilikuwapo mwendo wa saa chache tu kutoka mlangoni pao.

Kwa sababu hiyo nimeona vema mwezi huu kuwasimulia maisha ya Robert Koch, mganga wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Ndiye aliyekionyesha kwanza kijidudu cha kifua kikuu. Tena alifika Afrika yetu mara kadhaa, akafanya kazi Dar es Salaam, Usambara na visiwa vya Ziwa Viktoria. Alifanya mambo makubwa, na alikosa makosa makubwa. Nitayaeleza yote mawili, kwa maana msomaji hapati faida kwa habari iliyofichwa nusu.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, ulio katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya migodi, na nyumba yao ilijaa watoto: walizaliwa 13, naye alikuwa wa tatu. Husimuliwa ya kuwa alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti kabla hajapelekwa shule. Alipokuwa kijana alitamani sana kusafiri nchi za mbali, lakini hakupata nafasi hiyo upesi.

Mwaka wa 1862 akaingia chuo kikuu cha Göttingen, akasoma uganga, akahitimu mwaka wa 1866. Mmoja wa walimu wake, jina lake Jakob Henle, alikuwa amekwisha kuandika mwaka wa 1840 ya kuwa maradhi ya kuambukiza huenda yaletwa na viumbe hai vidogo mno. Walakini Henle hakuwa na njia ya kulithibitisha neno lake. Waganga wengi wa siku zile waliamini ya kuwa maradhi hutoka katika hewa mbaya ya matope na uvundo. Basi tusiwacheke wazee wetu waliotafuta asili ya ugonjwa mahali pasipo pake. Hata Ulaya waliosoma sana walikuwa wakipapasa gizani.

Mwaka wa 1867 alioa mke, Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja. Vita vya Wajerumani na Wafaransa vilipotokea mwaka wa 1870, alikwenda kuwatibu majeruhi. Baada ya vita, mwaka wa 1872, akawekwa kuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland na huitwa Wolsztyn. Huko hapakuwa na chuo, wala maktaba kubwa, wala wenzake wa kushauriana nao. Alikuwa na wagonjwa wake, farasi wa kumpeleka vijijini, na hadubini moja, yaani chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Watu husema mkewe ndiye aliyempa hadubini ile iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Akatundika pazia katika chumba chake cha kazi. Upande mmoja aliwatibu wagonjwa, na upande wa pili akafanya uchunguzi wake.

Kimeta

Katika wilaya ile kulikuwa na ugonjwa wa kimeta, ambao wafugaji wa Tanzania wanaujua pia. Kondoo au ng'ombe aliyeonekana mzima asubuhi huanguka jioni akafa, na damu yake ni nyeusi tena haigandi vema. Na mtu aliyemchuna mnyama yule huweza kupata kidonda cheusi, au akafa. Jambo lililowashangaza wakulima ni kwamba malisho mengine yalikuwa kama yamelaaniwa: kundi likichungwa pale, hata baada ya miaka mingi, ugonjwa huzuka tena.

Waganga wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Lakini je, vijiti vile ndivyo vilivyoleta kifo, au vilitokea tu baada ya kifo kama mabuu katika nyama iliyooza? Koch akafanya hivi. Alitwaa kijiti cha mti kilichochongwa na kusafishwa kwa moto, akakichovya katika bandama ya kondoo aliyekufa, akamtia panya mwenye afya katika kidonda kidogo. Kesho yake panya akawa amekufa, na bandama yake imejaa vijiti vile vile. Akatoa kwa panya huyo akamtia wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea, na kila mara mambo yakawa yale yale. Kisha akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili, ndani ya maji ya jicho la ng'ombe, akavitazama saa kwa saa chini ya hadubini. Akaviona vikirefuka kama nyuzi. Na vilipokosa hali njema, vikafanya ndani yake vitu kama mbegu ngumu.

Mbegu hizo ndizo zilizolifumbua fumbo la malisho. Kijiti chenyewe hufa upesi, lakini mbegu yake hukaa udongoni miaka mingi, ikivumilia jua na baridi, hata mnyama aje kula majani pale. Hapakuwa na laana katika malisho. Palikuwa na mzoga uliozikwa vibaya. Basi hata leo, ndugu mfugaji, ng'ombe akifa ghafula usimpasue wala usimchune, wala usigawe nyama yake; mwite afisa wa mifugo, na mzoga uchomwe au uzikwe chini sana.

Mwaka wa 1876 Koch alisafiri kwenda mji wa Breslau, akamwonyesha mambo hayo Ferdinand Cohn, mwalimu mkuu wa elimu ya mimea. Wakubwa wakaja kutazama, wakasadiki. Mganga wa mji mdogo akajulikana mahali pengi.

Kifua kikuu

Mwaka wa 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya serikali. Huko alikutana na shida mpya: katika mchuzi wa nyama, vijidudu vya aina nyingi huota pamoja kama magugu na mahindi katika shamba lisilopaliliwa. Atawatengaje? Siku moja aliona juu ya kipande cha kiazi mviringo kilichopikwa madoa ya rangi mbalimbali, na kila doa lilikuwa na kijidudu cha aina moja tu. Akafahamu ya kuwa chakula kigumu huwatenga. Baadaye mama mmoja, Angelina Hesse, mke wa mganga aliyefanya kazi pamoja na Koch, aliwapa shauri la kutumia agari, kitu kinachogandisha chakula, kitokacho katika mwani wa baharini. Alikuwa akiitumia jikoni mwake. Tangu siku hiyo mpaka leo maabara za dunia nzima hutumia agari. Shauri la jikoni limewasaidia wagonjwa wasiohesabika.

Katika Ulaya ya siku zile kifua kikuu kiliua kuliko vita. Koch mwenyewe alihesabu ya kuwa katika kila watu saba waliokufa, mmoja alikufa kwa ugonjwa huo. Watu wengi walidhani ni ugonjwa wa urithi wa ukoo, au wa huzuni, au wa umaskini tu. Koch akautafuta kijidudu chake kwa miezi mingi. Kilikuwa chembamba mno, nacho kilikataa rangi za kawaida, hata akapata namna ya kukitia rangi ya buluu. Kilikua polepole sana. Wengine wangalikata tamaa baada ya siku chache, yeye akangoja majuma. Akavitia vijidudu alivyovikuza katika miili ya simbilisi, wanyama wadogo ambao wengi wenu mnawafuga jikoni, nao wakapata kifua kikuu. Kisha akavitoa tena katika miili yao.

Tarehe 24 Machi 1882, jioni, alisimama mbele ya chama cha waganga wa Berlin. Hakuwa msemaji hodari. Alieleza taratibu, akaonyesha vioo vyake vyote. Alipomaliza, watu wakanyamaza. Hakuna aliyesimama kubishana naye. Ndiyo sababu siku ya 24 Machi imekuwa siku ya kifua kikuu duniani.

Ndugu msomaji, angalia njia aliyoifuata, maana ni kama mashahidi mahakamani. Kwanza, kijidudu kionekane kwa mgonjwa. Pili, kitengwe na vingine vyote, kikuzwe peke yake. Tatu, kikitiwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule, kisha kipatikane tena. Baadaye ilijulikana ya kuwa si kila ugonjwa huweza kuthibitishwa hivyo, maana wako watu wenye kijidudu wasiougua. Lakini utafiti mwingi wa maradhi ya kuambukiza umejengwa juu ya msingi huo: asisingiziwe mtu wala kitu pasipo ushahidi. Ni vema na sisi tulikumbuke neno hili, tuliozoea kumtaja mchawi kabla ya kumtazama mgonjwa.

Kipindupindu

Mwaka wa 1883 kipindupindu kilitokea Misri, na Koch akatumwa pamoja na wenzake. Wafaransa nao walituma waganga wao, na mataifa hayo mawili yalikuwa na uchungu wa vita baina yao. Huko Aleksandria mmoja wa Wafaransa, kijana Louis Thuillier, akashikwa na kipindupindu, akafa. Koch na wenzake walikwenda kwenye maziko yake, wakasaidia kulichukua jeneza. Kisha Koch akaendelea mpaka Calcutta katika India, na huko, mwaka wa 1884, akakitambua kijidudu cha kipindupindu, kilichopinda kama alama ya mkato. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona tangu 1854, lakini watu hawakumsikiliza. Koch alieleza ya kuwa ugonjwa huo husafiri kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa.

Wako waliokataa, hata ulipofika mwaka wa 1892. Mwaka huo mji wa Hamburg ulishikwa na kipindupindu, wakafa watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa karibu nao kabisa, hata mahali pengine barabara moja tu ndiyo iliyowatenga. Hamburg walikunywa maji ya mto bila kuchujwa. Altona waliyachuja kwa mchanga, nao wakapona kwa sehemu kubwa. Hewa ilikuwa moja, njia moja, majirani ni wale wale. Tofauti ilikuwa maji. Mwalimu anayetaka kuwafundisha watu wake kuchemsha maji na kuchimba choo hatapata mfano mzuri kuliko huo.

Kuanguka kwake

Sasa nasema habari ya aibu yake. Mwaka wa 1890, katika mkutano mkubwa wa waganga mjini Berlin, Koch alitangaza ya kuwa amepata kitu kinachozuia kifua kikuu kisikue. Kiliitwa tuberkulini. Habari ikaenea kama moto wa nyika. Wagonjwa wakaja Berlin kwa maelfu, wengine wakichukuliwa machelani, wakifa njiani. Koch alikataa kwanza kueleza dawa ile imefanywa na nini. Baada ya miezi michache waganga wakaona ya kuwa wengi hawaponi, na wengine wanazidi kuugua, na wengine wamekufa kwa ajili ya dawa yenyewe. Alikuwa ameharakisha. Yeye aliyewafundisha wengine kungoja ushahidi, safari hii hakungoja. Sifa na kusukumwa na wakubwa vilimshinda.

Hata hivyo kazi ile haikupotea yote. Baadaye waganga waligundua ya kuwa tuberkulini ikitiwa kidogo katika ngozi, huonyesha kama mtu amekwisha kuambukizwa. Kipimo cha namna hiyo kingali kikitumika.

Katika miaka hiyo nyumba yake nayo ilivunjika. Aliachana na mkewe Emmy, na mwaka wa 1893 akaoa kijana Hedwig Freiberg. Wengi walihuzunika kwa jambo hilo. Silitaji kwa kumhukumu, bali ili tusimfanye mtu kuwa sanamu kwa sababu ya elimu yake.

Katika Afrika

Mwishoni mwa 1896 Koch aliitwa Afrika Kusini, Kimberley, kwa ajili ya sotoka, tauni ya ng'ombe iliyokuwa imeshuka kutoka kaskazini katika miaka ile na kumaliza makundi ya Afrika Mashariki. Alifundisha kuwachanja ng'ombe wazima kwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Njia hiyo iliokoa wengi, ingawa ilikuwa na hatari zake, na baadaye njia bora zikapatikana. Mwaka wa 2011 ulimwengu ulitangaziwa ya kuwa sotoka imekwisha kabisa duniani.

Mwaka wa 1897, baada ya kupita India, alifika Dar es Salaam, akakaa mpaka mwaka uliofuata. Alichunguza malaria, na magonjwa ya mifugo, na habari ya tauni iliyoonekana Kiziba katika nchi ya Bukoba. Alipopanda milima ya Usambara akakuta neno la ajabu. Washambaa walimweleza ya kuwa huko juu homa haiko. Lakini mtu akishuka nchi tambarare huumwa na mbu, kisha hupata homa. Nao waliuita ugonjwa ule kwa jina la mbu. Wakati huo huo waganga wa Ulaya walikuwa wangali wakibishana kama mbu huleta malaria. Mwingereza Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu mnamo Agosti 1897 huko India, na Wataliano wakamaliza kuthibitisha mwaka wa 1898 kwa malaria ya binadamu. Lakini wakulima wa Usambara walikuwa wamekwisha kujua kwa kutazama tu. Koch aliandika habari yao, asiidharau. Sisi tukaao Tukuyu, tunaoshuka Kyela kwa safari na biashara, twaielewa sana habari hiyo. Maarifa ya wazee si upuzi yote, wala si kweli yote. Yapimwe, na yaliyo kweli yashikwe.

Mwaka wa 1903 alikwenda Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe, ng'ombe walipokuwa wakifa kwa ugonjwa wa kupe. Mwanzoni, alipouona Dar es Salaam miaka ya nyuma, aliudhania kuwa ugonjwa mwingine unaojulikana Marekani; sasa akatambua ya kuwa ni ugonjwa mbali. Ndio ndigana kali, ambao hata leo hufanya ng'ombe wetu wapelekwe joshoni.

Kisha mwaka wa 1905 akawa tena katika nchi yetu, akichunguza homa ya papasi. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta za nyumba za zamani. Mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala, kisha hurudi. Mgonjwa hushikwa na homa kali siku chache, ikamwacha, akadhani amepona, kisha ikarudi tena na tena. Koch aliwakusanya papasi katika vibanda walimolala wapagazi kwenye njia za misafara, akaona vijidudu ndani yao, hata ndani ya mayai yao. Basi papasi anayezaliwa huja na ugonjwa tangu yai. Wakati ule ule Waingereza Dutton na Todd waligundua vivyo hivyo katika Kongo, na Dutton akafa kwa homa hiyo hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Safari yake ya mwisho ya kazi katika Afrika ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka wa 1906 alikwenda Ziwa Viktoria, akapiga kambi katika visiwa vya Sese, nchi ya Uganda, ambako malale ilikuwa ikiteketeza watu. Kandokando ya ziwa lile walikufa zaidi ya watu 200,000 katika miaka hiyo. Wagonjwa walikuja kwake kwa mamia, wengine wakibebwa. Akawadunga dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya zarniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Waliolala waliamka wakatembea. Lakini baada ya majuma ugonjwa ulirudi. Koch akazidisha kipimo cha dawa. Ndipo watu wakaanza kulalamika kwa maumivu na kizunguzungu, na zaidi ya 20 wakapofuka wasione tena milele. Wengi wakakimbia kambi. Kipimo kile kikaachwa, lakini waliopofuka hawakurudishiwa macho yao. Tena alishauri wagonjwa watengwe katika makambi mbali na nyumba zao, na serikali ya Wajerumani ikafanya hivyo katika nchi yetu.

Ndugu zangu, watu wale walikuwa Waafrika maskini, waliokuja wakitumaini. Hawakuelezwa kwamba wanajaribiwa dawa isiyojulikana vema, wala hawakuulizwa kama wanakubali. Jambo hilo lisisahauliwe kila jina la Koch linapotajwa kwa heshima. Kwa sababu ya makosa kama hayo, yaliyofanywa katika nchi nyingi, kanuni zimewekwa. Leo katika Tanzania utafiti wa tiba kwa binadamu hauanzi kabla haujapitiwa na kamati ya maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kazi hiyo. Kituo chake kimoja kiko Mbeya, karibu nasi, nacho kimechunguza sana kifua kikuu na Ukimwi. Mtu akiombwa kuingia katika utafiti, ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoijua, ana haki ya kuuliza, ya kukataa, na ya kujitoa baadaye bila kunyimwa matibabu yake. Anayekubali baada ya kuelewa, na akubali kwa moyo, maana dawa tunazomeza zilijaribiwa kwanza na watu waliokubali.

Kosa la maziwa

Limebaki kosa moja linalotugusa sisi wa Rungwe kuliko wengine. Mwaka wa 1901, mjini London, Koch alisema ya kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Wengi walimwamini kwa ajili ya jina lake. Waingereza waliunda tume, wakachunguza miaka mingi, wakaona ya kuwa si hivyo: ugonjwa wa ng'ombe humwingia mtu kwa maziwa mabichi, hasa watoto, ukawavimbisha tezi za shingo na kuwaharibu matumbo na mifupa. Wilaya yetu yajulikana kwa maziwa, na watoto wetu hulelewa kwayo. Basi yachemsheni kabla ya kunywa, hata kama ng'ombe aonekana mzima. Jina kubwa la mtu halifanyi neno lake kuwa kweli.

Mwisho wake, na yaliyobaki

Robert Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu ya mwili wake yaliwekwa Berlin, katika chuo cha utafiti ambacho leo kinaitwa kwa jina lake.

Hakuiona dawa ya kifua kikuu. Chanjo wapewayo watoto wachanga ilianza kutumika mwaka wa 1921, na dawa za kweli zikaja kuanzia miaka ya 1940. Nchi yetu nayo ilikuwa na sehemu yake katika kazi hii. Mwaka wa 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na mganga Karel Styblo, mzaliwa wa nchi ya Wacheki. Waligawa dawa katika hospitali na vituo vya kawaida, wakamsimamia kila mgonjwa mpaka amalize, wakaandika katika daftari nani amepona na nani hakupona. Njia iliyojaribiwa hapa ikafundishwa baadaye katika dunia nzima. Hata hivyo ugonjwa huu ungali ukiua zaidi ya watu milioni 1 duniani kila mwaka.

Basi walimu na wainjilisti, mnapowatembelea washarika, yajueni haya. Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, akitoka jasho usiku, akishikwa na homa ya jioni, akikonda, au akitema damu, apelekwe kituo cha afya upesi. Kijidudu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hakienei kwa kushikana mikono, wala hakitumwi na adui. Wengi wanaoambukizwa hawaugui, maana mwili hukifunga. Lakini mwili ukidhoofika, kwa Ukimwi, kisukari au njaa, huamka. Kwa hiyo wenye virusi vya Ukimwi na watoto wadogo wa nyumba ile wapimwe mapema. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, nazo kwa kawaida humezwa miezi sita. Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa, mgonjwa asiogope, ni dawa. Lakini hatari kubwa ni hii: baada ya miezi miwili nguvu hurudi, kikohozi hukoma, na mtu huacha dawa ili akalime. Vijidudu vilivyosalia hujifunza kuishinda dawa, kisha huua yeye na wa nyumbani mwake. Hapo ndipo kazi yenu ilipo. Mwendeeni mgonjwa mwezi wa tatu na wa nne, wakati ambapo watu wengine wameacha kumwendea, mkamtie moyo amalize.

Mbunge na mkulima, mchungaji na mtoto, wote makohozi yao hutazamwa kwa namna moja juu ya kioo kimoja. Mwenye kikohozi asione haya kukipokea kikopo kile pale Makandana. Mungu, aliyewapa wanadamu akili ya kuchunguza, awape na wagonjwa wetu ujasiri wa kwenda.